Kikombe cha Aliye Safarini

Miaka yote niliyoishi uani kwake, Mwalimu hakukubali hata siku moja kwamba anatia maji kwenye jiwe. Alikuwa anamwaga masalio, ndivyo alivyosema. Alfajiri akishatawadha barazani, alitoka na birika mkononi hadi kule nje ya ua, akainama kwa taabu, na maji yaliyobaki yakaingia kwenye kikombe kile kile cha pembeni bila tone kuanguka nje. Kisha akajinyoosha, akashika kiuno, akatazama huku na huku. Ukimsalimu wakati huo, alikwambia kwamba maji ya udhu hayamwagwi ovyo njiani. Haya, Mwalimu. Mtaa mzima una mifereji, una migomba, una maua ya kina mama kwenye makopo, lakini masalio yako yanajua njia ya kwenda mahali pamoja tu.

Jiwe lenyewe liko Magarama, mtaa wa maduka madogo hapa Gitega, katikati ya kibanda cha unite, vocha za simu, na ukuta wa saluni. Aliyejenga ukuta ule aliupindisha makusudi asiliguse, na madereva wa pikipiki huegesha upande wa pili. Ni refu kama kitanda. Juu yake zimechongwa pembe za ng'ombe, ndefu, zimelika kwa mvua na kwa makalio ya watoto. Chini ya pembe kuna safu za mashimo ya mviringo, kila moja linatosha ngumi, na watu wa hapa wanayaita vikombe. Nani aliyachonga, hakuna ajuaye. Wazee wanasema ni wachungaji wa mwami, mfalme wa zamani, walikuwa wakicheza igisoro humo, bao la huku, kwa mbegu. Bwana mmoja wa mambo ya kale alikuja na kamera, akasema huenda jiwe ni la kale kuliko hata wami wenyewe, akapangusa vumbi magotini, akaenda kula. Katekista wa Kikatoliki alisema ni mambo ya wapagani. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wake wa chuo cha Kurani kwamba ni jiwe, basi, na jiwe halisikii wala halioni.

Lakini mtaa una desturi yake. Mtu wako akisafiri, unamchagulia kikombe, na unahakikisha kina maji mpaka arudi. Akirudi anachovya vidole, ananawa uso, na kikombe kinaachwa kwa mwingine. Akifa huko aliko, huongezi maji tena, unakiacha kikauke chenyewe. Wakati wa mvua vikombe vyote vinajaa na jiwe halina habari kwa mtu. Kiangazi ndipo linaposema. Wanawake wakienda sokoni hupunguza mwendo pale, wanatazama, wanajua nani bado yuko na nani hayuko. Na kuna jambo moja ambalo halifanywi kamwe: kukausha kwa mkono kikombe cha mtu aliye hai. Hilo ni kumtangaza kwamba amekufa.

Nilipoambiwa mambo hayo mara ya kwanza nilicheka. Mimi nimezaliwa na wakimbizi, nimekulia Tanzania, nimeimba kwaya tangu sijaota meno ya mbele ya pili. Wazazi wangu waliporudi Burundi walipata shamba Giteranyi, kule Muyinga mpakani, na mimi kwa kuwa jembe na mimi hatuelewani nikashuka Gitega kuuza maharagwe na ndagala, dagaa wa huku. Nikapanga chumba uani kwa Mwalimu. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akasimama kama mtu aliyeitwa na mamlaka, akaniomba niseme tena. Akasema huo ni Kiswahili cha redio. Tangu hapo nikawa Mtanzania, ingawa pasipoti ya Tanzania sijawahi kuiona hata kwa ndoto.

Alikuwa mrefu, mkavu, na mwoga wa mbwa. Kwa ajili ya mbwa alibeba mwavuli mwaka mzima, jua liwe mvua iwe. Fimbo ya chuo ilining'inia kwenye msumari na sikuwahi kuiona imeshuka, ila masikio ya wanafunzi aliyavuta mpaka mimi niliyekuwa nachambua maharagwe nje nikashika langu. Mchana alishona kofia za vito. Jioni alicheza igisoro na yule katekista, kwenye ubao, barazani, na kwa kuwa alikuwa akishindwa kila mara, alisema huo si mchezo, ni hesabu, na hesabu za Wakatoliki zina hila. Alikuwa na misemo yake. Mtoto hafundishwi, alikuwa akisema, mtoto anaambukizwa. Na ule wa pili, ambao unaniudhi mpaka leo, ulikuwa "kesho si mbali". Bati linavuja? Kesho si mbali. Kamba ya mbuzi imelika, mbuzi yuko kwenye mchicha wa jirani? Kesho si mbali. Mbuzi akaliwa na watu wasiojulikana, kesho ikiwa bado inakuja.

Mkewe tulimwita Mama, mtaa mzima. Alitoka Makebuko, vijijini huko, kwa wakulima, akasilimu alipoolewa, na sala zake tano hakuzikosa. Lakini jiwe hakuliacha. Alisema kwao Makebuko lilikuwepo jiwe kama hili, dogo, na mtu mmoja akalipasua akaliweka kizingiti cha mlango wake. Mama alikuwa akilisema hilo kwa huzuni ya kweli. Alisema watu wanaingia na kutoka wanakanyaga safari za wenzao.

Ni yeye aliyenisimulia habari ya mtoto, siku tunamenya viazi. Walikuwa naye mmoja tu, wa kiume. Mwalimu alitaka arithi chuo, na kijana alikuwa na kichwa cha kuhifadhi, aya anaisikia mara moja inakaa. Ila moyo wake ulikuwa kwenye baiskeli. Alitaka kwenda mpakani, Giteranyi, kubeba mizigo, kuvuka, kurudi, kuona watu. Baba na mwana wakagombana siku nyingi, kisha asubuhi moja kijana akafunga kifurushi chake nyuma ya baiskeli akaondoka bila kuaga. Mama akachota maji, akaenda jiweni, akamchagulia kikombe cha pembeni chini ya ncha ya pembe, akatia.

Mwalimu alikuwa anatoka msikitini. Wanafunzi wake walikuwa wanafika, wanawake wa sokoni walikuwa wanapita. Alipoona maji yale alivua kofia yake kichwani, akaikunja, akaikandamiza kwenye kikombe mpaka kikawa kikavu. Kisha akasema mbele ya wote kwamba jiwe halimchungi mtu, anayechunga ni Mungu. Kama somo la dini, lilikuwa sahihi, hata mimi Mprotestanti sina la kuongeza. Lakini wanawake wale walishika vifua. Walichokiona wao ni baba anamkausha mwanawe aliye hai, njiani, hata hajafika mbali. Mama alirudi ndani, akachota tena, akaenda akajaza. Na neno juu ya asubuhi ile halikusemwa nyumbani mwao tena. Kofia ile ilitundikwa nyuma ya mlango na Mwalimu hakuivaa tena, naye ndiye aliyekuwa akishona kofia.

Ilikuwa hivyo kwa miaka. Kijana alituma salamu kwa watu wa baiskeli, mara anauza muhogo, mara yuko ng'ambo, mara amerudi, lakini Gitega hakufika. Mama alijaza kikombe mpaka miguu ikamvimba akashindwa kutoka uani. Hapo akamwita mumewe. Nilikuwepo, nilikuwa naanika nguo. Akamwambia, kwa sauti ya chini kabisa, aende yeye. "Ni we ulikausha," akasema. Mwalimu akachukua birika.

Huo ndio mwanzo wa masalio. Kila asubuhi akirudi, Mama aliyelala chumbani alimwuliza swali moja, kupitia dirishani, nami nililisikia mpaka likawa kwangu kama jogoo: iko na maji? Naye hujibu: iko.

Sasa, habari zilikuja kiangazi kimoja, Mama yuko kitandani na miguu yake. Mtu wa Giteranyi alifika chuoni na baiskeli, akamvuta Mwalimu pembeni. Kijana alikuwa amefariki, homa, siku chache tu, na Waislamu wa kule walikuwa wameshamzika. Mwalimu aliwaruhusu wanafunzi mapema. Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa nafunga safari ya kwenda kwetu, akanijia barazani na mwavuli wake, akaniomba nikifika Giteranyi niulize jambo. Sikuelewa kwanza. Alitaka kujua kama walimlaza kwa ubavu wa kulia.

Nikaenda, nikauliza. Mjomba wangu alikuwa anamfahamu mmoja wa waliochimba kaburi. Akaniambia ndiyo, ubavu wa kulia, uso umeelekezwa kibla, kila kitu kilifanywa. Nilirudi na jibu hilo Gitega kama mtu aliyebeba yai. Mwalimu akasema Alhamdulillahi, akakaa, akachukua kofia aliyokuwa akiishona, akaendelea. Nilimtazama kwa muda. Sindano ilikuwa ikiingia na kutoka, na haikuwa na uzi.

Nilidhani atamwambia mkewe jioni ile. Hakumwambia. Kesho yake alichukua birika kama kawaida, akainama, akatia. Iko na maji? Iko. Kiangazi kilikuwa kikali, vikombe vinakauka kabla ya adhuhuri, naye akawa anakwenda tena mchana, na watu wakamsifu, wakasema tazama baba anavyompenda mwanawe, ametubu. Mimi peke yangu ndiye niliyejua anamwagilia nini. Nikamkasirikia, wacha niseme ukweli, nilimkasirikia sana. Nikamfuata jiweni nikamwambia marehemu ana haki yake, watu wakae matanga, mama amlilie mwanawe angali na nguvu ya kulia. Nikamwambia hata dini yake haimruhusu. Akasema kesho si mbali. Nikamwambia Mwalimu, hiyo kesho yako imeshakula mbuzi.

Akaweka birika chini.

"Mtanzania," akasema, "mi nilimwua mara moja, hapa, mbele ya watu, na alikuwa mzima. Donc, yaani unataka nimwue mara ya pili mbele ya mama yake?"

Sikumsema tena juu ya hilo.

Mama alifariki wakati wa mvua. Siku ya mwisho hakuwa anakula wala kunywa, lakini kulipopambazuka aligeuza kichwa kuelekea dirishani akauliza swali lake. Mwalimu akamjibu kwamba imejaa. Na ilikuwa kweli, mvua ilinyesha tangu juzi, vikombe vyote vilikuwa vimejaa, vya wazima na vya wafu. Mama akasema mtoto akirudi amkute yeye hayupo, aambiwe asisahau kunawa uso. Kisha akalala.

Matanga yalijaa watu. Yoo, wanawake walisema, na huyu mtoto wa watu huko mpakani hata hajui, atakuja lini, nani atamwambia. Walilisema hilo siku zote za msiba, kwa huruma, huku wakimpa Mwalimu mkono na kumwambia ihangane, jipe moyo. Aliketi kwenye mkeka wake na kushukuru kila mmoja. Katekista alikuja akakaa karibu naye, na ubao wa igisoro haukutolewa tena pale barazani. Nilidhani sasa basi, mwenye kufichwa ameondoka, atasema. Mvua zikaisha, kiangazi kikaingia, vikombe vya watu vikaanza kukauka, na Mwalimu alfajiri akatoka na birika. Akasimama dirishani kidogo alipokuwa akirudi. Dirisha lilikuwa limefungwa. Alisema "iko" kwa sauti ndogo, akaingia ndani.

Baadaye magoti yalimkataa. Chuo kikachukuliwa na kijana mwingine, mwenye sauti nzuri na spika, na Mwalimu akasema anahamia Muyinga mjini, kwa mtoto wa dada yake. Mtaa ukafurahi kwa niaba yake. Walisema enfin, hatimaye anamfuata mwanawe, watapatana. Yeye akasema inshallah. Alipakia mwavuli, cherehani hakuwa nayo, sindano zake, na kofia ile ya nyuma ya mlango. Juu ya kikombe hakuniambia kitu, ila aliniachia birika.

Basi mimi, mtoto wa kwaya, asubuhi ile gari lilipoondoka nilichota maji nikaenda jiweni. Nikajaza cha mtoto. Kisha nikachagua kimoja jirani yake, nikakijaza pia. Wanawake walinitazama wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mchungaji wangu akiniuliza, nilishajiandalia jibu: namwaga masalio.

Nilimwona mara ya mwisho nikiwa njiani kwenda kwetu. Niliteremka Muyinga, nikaulizia nyumba ya mpwa wake karibu na msikiti, nikamkuta barazani, amejifunika blanketi kukiwa na jua, mwavuli umelala mapajani. Alikuwa amekonda hata masikio yalionekana makubwa. Nikamwamkia. Akanitaka nirudie, nikarudia, akacheka kidogo. Akauliza bati, nikamwambia bado linavuja. Akauliza katekista, nikamwambia anacheza peke yake, mkono wa kulia na wa kushoto, na bado anadanganya. Mpwa wake alileta chai akaniambia mzee hana akili, kila akipata nafuu anamlipa mtu wa baiskeli ampeleke hadi Giteranyi, safari yote ile na mifupa ile, anafika, anakaa makaburini, anarudi mgonjwa. Yeye mpwa alikuwa ameshajua kaburi ni la nani. Alikuwa wa kwanza kuambiwa baada yangu.

Alipoingia ndani, barabarani walikuwa wanapita watu wa ndizi, baiskeli zimeelemewa, wanasukuma mlima. Mwalimu aliwafuata kwa macho mmoja mmoja. Kisha akaniuliza, bila kugeuka:

"Iko na maji?"

Nikamwambia viko viwili, vyote vina maji. Cha mtoto na chake yeye. Nilijiandaa kusikia kwamba jiwe halisikii wala halioni. Hakusema hivyo. Aliuliza chake kiko wapi, nikamwambia kinachofuata cha mtoto, upande wa chini. Akafikiri, akasema hapo ni pazuri, jua la mchana halifiki haraka.

Halafu akasema jambo ambalo nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku ile.

"Mama yake alikufa anamngoja. Amefika kule, amemkuta mtoto ametangulia zamani. Wako pamoja sasa, wanaongea. Amejua yote. Mi nikifika, nitamwambia nini?"

Watu wa kanisani kwetu wanayo maneno ya wakati kama huo, na mimi nayajua yote. Nililia tu, nikajifuta kwa kitenge, naye akanipigapiga mkono kama vile mimi ndiye niliyefiwa. Akaniambia tuongee mambo ya maana. Siku nitakaposikia habari yake, nisingoje jua. Niende nikikaushe kikombe chake siku ile ile, kwa mkono, watu waone, wasidanganyike hata siku moja. Nikamwambia Mwalimu, hakuna anayekausha kwa mkono.

"Mi nilikausha ya mtu aliye hai," akasema. "We utakausha ya maiti. Hapo hakuna kosa."

"Na cha mtoto?"

Alichezea mpini wa mwavuli.

"Pamoja," akasema. "Siku moja. Kesho si mbali."

Mpwa wake alinipigia simu wakati wa mvua. Mwalimu alikuwa amefariki alfajiri, birika la kutawadhia liko kando yake, na walikuwa wanakwenda kumzika Giteranyi, karibu na mwanawe, kama alivyotaka. Nilitoka nje. Ilikuwa imenyesha usiku kucha na jiwe lote lilikuwa linang'aa, vikombe vimejaa mpaka juu, halisemi lolote. Nilichukua kitambaa, nikapiga magoti kwenye tope, nikapangusa cha kwake mpaka kikawa kikavu. Wanawake wa sokoni wakasimama na vikapu vyao. Wakaelewa, mmoja akaanza kulia. Kisha nikaweka kitambaa kwenye kikombe cha pili.

Mwanamke mmoja mzee, aliyekuwepo asubuhi ile ya kofia, akanishika bega. Akauliza kwa Kirundi, taratibu, kama anaogopa kuamsha mtu, kama na mtoto pia. Nikamwambia na mtoto pia, tangu zamani, kabla ya mama yake. Akaketi pale pale chini, kwenye maji, na wengine wakaketi, wakawalilia wote watatu kwa mkupuo mmoja, Mama zaidi ya wote.

Mchana mvua ilirudi, ikavijaza tena. Nikatoka na kitambaa, nikakausha upya.